Afande, Kaa Pembeni

Miaka yote niliyovaa gwanda niliamini kwamba polisi huchunguzwa na polisi. Niliamini hivyo nikiwa depo Moshi, nikaamini hivyo nikiwa kaunta, nikastaafu na imani hiyohiyo nikarudi nayo nyumbani Majengo, hapa Mpanda, pamoja na kiinua mgongo. Hoja yangu ilikuwa fupi na ilinitosha. Raia hajui PGO, mwongozo wa kazi za polisi, inasema nini. Hajui silaha inatokaje ghalani na inarudije. Hajui zamu ya usiku ina askari wangapi, wala gari la kituo lina mafuta ya kufika wapi. Sasa mtu asiyeijua kazi ataikaguaje? Redio ikisema wanaharakati wanadai chombo huru cha kusimamia mwenendo wa polisi, nilikuwa nabadilisha stesheni.

Leo nasema tofauti. Nikiulizwa nani akae kwenye bodi ya namna hiyo, wa kwanza kumtaja ni yule asiyepaswa kupewa kura, na mtu huyo ni mimi: askari mstaafu mwenye jina zuri, anayeheshimika mtaani, anayejua vitabu vyote. Apewe kiti pembeni. Aulizwe, ajibu, na kura zikianza kupigwa atoke nje akanywe chai.

Nieleze nilikuwa nani, ili msomaji ajue nashuhudia kutoka wapi. Niliingia jeshini miaka ya 80, wakati WP wengi, yaani askari wa kike, tulikuwa tunapangiwa kaunta, simu na vitabu. Wenzetu wanaume walikwenda doria na upelelezi, sisi tukabaki na kalamu. Ndiyo maana nilivijua vitabu kuliko baadhi ya wakubwa wangu. Kipo kitabu cha matukio, kinachompa mlalamikaji namba ya RB. Kipo cha mahabusu, kinachoonyesha nani kaingia selo, saa ngapi, kavuliwa mkanda na viatu gani, mfukoni alikuwa na shilingi ngapi, na kama alikuja na jeraha. Kipo cha vielelezo, kipo cha silaha. Anayejua kusoma vitabu hivi vinne pamoja, ukurasa kwa ukurasa wa siku moja, anaweza kukueleza usiku ule kituoni palitokea nini hata kama hakuwapo.

Anajua pia pale ambapo vitabu vinanyamaza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaweka saa 24 kuwa mpaka wa kumkalisha mtu kituoni kabla hajafikishwa mahakamani au kupewa dhamana, ukiacha makosa mazito. Mama mzazi anazihesabu saa hizo tangu mwanawe alipochukuliwa kijiweni. Kitabu kinazihesabu tangu alipoandikwa. Katikati hapo pana gari lililozunguka naye mjini, pana ile kauli ya "msubiri mpelelezi", na pana benchi. Kila kituo nilichofanya kazi, katika mikoa mbalimbali ambayo sitaitaja, kilikuwa na benchi. Mtu wa benchi hajaandikwa popote. Hajakamatwa, kwa hiyo hawezi kudai dhamana. Na bango ukutani linasema dhamana ni bure. Akipigwa akiwa benchini, kitabu kinasema hakuwapo.

Haya yote niliyajua nikiwa kazini. Kujua hakukunibadilisha. Kilichonibadilisha ni kutembea na watu wa Majengo.

Majengo ni kata ya katikati ya mji. Sokoni utakuta migebuka na dagaa waliotoka Ikola na Karema kule ziwani, mchele wa Mwamkulu na Kakese, karanga, asali ya porini. Wachimbaji wadogo wanashuka kutoka Dirifu na Ibindi vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Bodaboda ni wengi kuliko abiria. Mji huu zamani ulikuwa mwisho wa njia kweli, reli ya kutoka Kaliua iliishia hapa kwa ajili ya mgodi wa risasi enzi za Mwingereza, na hadi 2012 tulikuwa sehemu ya Rukwa. RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, alikaa Sumbawanga. Mtu wa Mpanda aliyetaka kumlalamikia OCD wake, mkuu wa polisi wa wilaya, ilibidi apande basi, avuke hifadhi kuanzia Sitalike, apite Kibaoni, asafiri zaidi ya kilomita 200, alale huko, na kesho yake aambiwe mkubwa yuko ziara. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa, RPC akaja hapa mjini. Nilidhani limekwisha.

Basi watu wakishajua kwamba jirani yao ni afande mstaafu, baraza la nyumba yako linageuka ofisi. Shikamoo afande, mwanangu kachukuliwa tangu juzi. Shikamoo mama, pikipiki yangu imeshikwa na sijui kosa. Afande, nimebambikiwa kesi. Afande, naomba unisindikize nikachukue PF3. Niliwasindikiza, na nisifiche, nilifurahia. Nikiingia tu, kijana wa kaunta anasimama wima. "Jambo afande!" Nalalamikiwa kwa nini nimewatupa, navutiwa kiti, nauliziwa miguu yangu. Yule mama niliyekuja naye amesimama pale pale mlangoni na kanga yake. Baada ya muda si mrefu mtoto analetwa, viatu mkononi, anasaini, tunatoka. Mtaani nilipewa sifa zangu na nilizipokea.

Mmoja wa hao akina mama anauza migebuka. Kijana wake ni bodaboda, alikuwa amelazwa ndani siku kadhaa, akatoka kifundo cha mkono kimevimba kiasi kwamba saa ilikuwa imezama kwenye nyama. Tulikuwa tunarudi kwa miguu, kijana yuko mbele. Mama akaniuliza: jana nilikwenda pale kumuulizia, nikaambiwa hayupo, leo afande umekuja, yupo, jana alikuwa wapi? Nikamwambia tumshukuru Mungu katoka. Akanyamaza hatua chache, kisha akasema bila hasira, "Afande, ukija wewe tunapata mtu. Jibu hatupati. Kesho nitarudi mwenyewe. Wewe njoo, lakini kaa pembeni."

Nikaenda, nikakaa kwenye lile benchi. Yeye akasimama kaunta na kusema anataka kuona kitabu cha mahabusu cha siku mbili nyuma. Kijana akamuuliza wewe nani hata uone kitabu. Akamjibu, "Mimi ni mama yake, na juzi saa nne asubuhi nilisimama hapa na uliyekuwa umekaa hapo ni wewe." Yule kijana hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanaomba msaada, na mguu wangu ulishaanza kuinuka kabla akili haijaamua.

Pale ndipo nilipofahamu kwa nini mlango ule ulikuwa unanifungukia kila siku. Askari yule alijua sitauliza lile swali. Heshima aliyonipa ilikuwa malipo ya awali.

Watu wa nje wanadhani askari mstaafu atawalinda wenzake kwa sababu ya rushwa. Hapana, au si hivyo mara nyingi. Ni kwa sababu ninajua yule kijana anaishi wapi. Najua nyumba ya askari ya chumba kimoja na watoto watatu. Najua kusimama doria usiku kucha kisha asubuhi ukaambiwa ukalinde mechi. Nikimwona tu, nimeshamtungia utetezi ambao yeye mwenyewe hajaufikiria. Tena nina mpwa jeshini, na anasubiri kupandishwa cheo. Huruma hiyo ni nzuri na sitaiacha, lakini mwenye huruma ya namna hiyo asihesabiwe kuwa mjumbe huru. Mtaani wanasema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Methali hiyo ilikuwa inaniudhi kuliko matusi.

Tangu siku hiyo nikaanza kufuatilia jambo nililokuwa nalifungia redio: nchi yetu ikitaka kuchunguza polisi, huwa inamkalisha nani?

Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam, tukaambiwa ni majambazi waliokufa kwa kurushiana risasi. Ndugu zao na magazeti hawakukubali. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ikabainika hawakuwa majambazi. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, mwaka 2009 washtakiwa wakaachiwa. Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao 2016. Miaka kumi. Mtwara, mfanyabiashara kijana wa madini wa Nachingwea aliuawa Januari 2022, baada ya kufuatilia fedha zake zilizokuwa zimechukuliwa na askari. Maofisa na askari saba walishtakiwa, na Juni 2025 Mahakama Kuu ikawahukumu wawili kunyongwa. Katika mashauri yote mawili mwendo ulianzishwa na ndugu wa marehemu waliokuwa wanauliza swali la muuza migebuka: jana alikuwa wapi? Lakini tume zikishaundwa, hao ndugu huitwa kutoa ushahidi tu. Hawakai mezani.

Januari 2023 Rais Samia alizindua Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, Balozi Ombeni Sefue akiwa makamu, na miongoni mwa wajumbe walikuwamo ma-IGP wastaafu wawili, Said Mwema na Ernest Mangu. Julai ikakabidhi ripoti, na haikuwa ripoti ya kubembeleza: ilisema Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Kwa hiyo sidai kwamba mstaafu hawezi kusema kweli. Sina neno baya juu ya IGP Mwema. Yeye ndiye aliyetuletea polisi jamii, na bila kazi yake huenda hata wale majirani wasingethubutu kunigongea mlango. Lakini Novemba 2025, baada ya vifo vya uchaguzi wa Oktoba 29, ilipoundwa tume ya watu wanane kuchunguza, mwenyekiti alikuwa Jaji Chande huyohuyo, Balozi Sefue akawamo, na Mwema akawamo. Wengine walikuwa jaji mkuu mstaafu mwingine, mabalozi na waziri wa zamani. Mtu aliyepoteza mtoto angepitisha macho kwenye orodha ile akimtafuta anayefanana naye. Mimi nilipitisha macho, nikaona wanaofanana na mimi, ila vyeo vyao ni vikubwa.

Vyombo vya kudumu navyo vimekaa hivyohivyo. Tume inayoamua ajira na nidhamu ya maofisa wa polisi, mwenyekiti wake ni Waziri wa Mambo ya Ndani, yuleyule anayesimama bungeni kulijibia jeshi. Uganda nako Mamlaka ya Polisi inaongozwa na waziri, na IGP ni mjumbe. Sisi tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi 2001 ikirithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya enzi za Mwalimu. Inaweza kuchunguza polisi, lakini mwisho wa kazi yake ni mapendekezo, na makao yake yako Dodoma. Zile kilomita za Sumbawanga zimeongezeka tu.

Na wanasiasa je? Hapa nimebishana na nafsi yangu hadi sasa. Mwaka 2013 ulikuwa mwaka wa pande mbili. Mwezi Juni Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtoto wa Kibaoni, mtu wetu wa huku, alisema bungeni kwamba wanaokaidi amri za polisi watapigwa tu, maana serikali imechoka. Nilikuwa bado kazini. Kauli ile ilifika vituoni haraka kuliko waraka wowote wa makao makuu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili cha Tanganyika wakafungua kesi, Mahakama Kuu ikaitupa 2014. Lakini mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2013, kamati ya Bunge ya James Lembeli iliwasikiliza wafugaji na wanavijiji walioumizwa katika Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili, ikasoma taarifa yake, na kabla ya Krismasi mawaziri wanne walikuwa wamepoteza kazi, wa Mambo ya Ndani akiwa mmoja wao. Hakuna jaji wala IGP mstaafu aliyewahi kufanya hivyo kwa wiki chache. Wanasiasa wana nguvu pale wanapoogopa wapiga kura. Ireland ya Kaskazini, yenye historia chungu ya polisi na raia, ilipounda bodi yake 2001 iliweka watu 19: kumi kutoka vyama vya siasa, tisa huru. Kule vyama vinavyohasimiana vilikaa meza moja na kuulizana. Kwetu madiwani wa halmashauri nzima wanaweza kutoka chama kimoja; wakikaa kumi, ni kama amekaa mmoja. Kwa hiyo mimi bado nasema wasiwepo kwenye bodi ya mkoa. Waje pale taarifa inaposomwa.

Kenya ndiyo imenifunza zaidi, kwa uzuri na kwa ubaya. Baada ya machafuko ya uchaguzi, Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti 2008 kwamba katika watu 1,133 waliokufa, 405 walikufa kwa risasi. Likazaliwa wazo la chombo cha raia, sheria ikatungwa 2011, na chombo hicho, IPOA, kikapata bodi yake 2012. Nafasi zinatangazwa, watu wanaomba, wanahojiwa, Bunge linaidhinisha. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa wakili, Macharia Njeru. Agosti 2014 polisi waliingia usiku katika nyumba moja Kinango, Kwale, wakampiga risasi binti wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, wakasema aliwajia na panga. IPOA ikafukua kaburi ili mwili upimwe upya. Mwaka 2016 maofisa wawili wakafungwa miaka saba kila mmoja. Nikiwa kaunta ningeapa kwamba jambo kama hilo haliwezekani Afrika Mashariki.

Hata hivyo Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, na taarifa ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. IPOA ilikuwa na umri wa miaka 13. Kwa hiyo wanaosema bodi ni dawa ya kila kitu wananichosha sawasawa na wanaosema haina maana. Kama Ojwang angekuwa mtu wa benchi, angebaki kaburi lisilo na maswali. Swali juu yake liliulizwa kwa sababu kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kuuliza, na kwa sababu baba yake alimfuata hadi pale kituoni.

Uingereza ilipoanzisha tume yake ya malalamiko 2004, sheria ilikataza kamishna yeyote kuwa aliwahi kufanya kazi polisi. Lakini baadhi ya wapelelezi wake walikuwa polisi wa zamani, na wananchi wakalalamika kwamba ngedere kaingilia mlango wa jikoni. Mimi hapa nakubaliana nao nusu. Anayejua kusoma vitabu vile vinne lazima awepo, la sivyo bodi itadanganywa mchana kweupe. Mimi mwenyewe ningeweza kuidanganya. Ila awe mwajiriwa wa bodi, aonyeshe ukurasa ulipokatwa, kisha wenye kura waamue.

Basi nani wenye kura, hapa Katavi?

Mtu wa PF3. Namaanisha tabibu au muuguzi wa zamu ya usiku. Fomu ile inatolewa na polisi, inajazwa hospitali, inarudi polisi. Aliyepigwa na askari inabidi akaombe karatasi kwa askari ili aruhusiwe kuthibitisha kwamba kapigwa. Wauguzi wa mji huu wanajua alama ya pingu iliyobanwa, wanajua nyayo zilizochapwa, wanajua pia yule aliyeanguka kweli na pikipiki. Jaji hajui haya hadi aelezwe.

Mtu wa Katumba au Mishamo. Wazee wao walikimbia mauaji ya Burundi 1972, wakafungua mapori ya huku, na watu wapatao 162,000 wa kundi hilo wakapewa uraia wa Tanzania, vyeti vikianza kugawiwa 2014. Ni raia kama mimi. Lakini mwenzangu wa Majengo akisimamishwa barabarani anaulizwa kosa. Yeye anaulizwa kwanza ni mtu wa wapi. Bodi ya Katavi isiyokuwa na mtu wa Katumba ni bodi ya mkoa mwingine. Kadhalika mfugaji, ambaye hukutana na polisi akiwa na ng'ombe mia nyuma yake na noti mfukoni, na wote wawili wanalijua hilo.

Bodaboda, mmoja, asiwe mwenyekiti wa umoja wao, maana wenyeviti wameshazoeana na trafiki. Wakili mmoja, kwa ajili ya sheria. Konstebo mmoja aliyeacha kazi mapema, kabla hajawa mzee wa heshima kama mimi. Hili naling'ang'ania. Askari wa cheo cha chini naye ana malalamiko ambayo hayana pa kwenda: nani alimpa amri, na kwa nini lawama zikianza kushuka hazipandi tena. Mwandishi Daudi Mwangosi alipouawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2012, palikuwa na kikosi na wakubwa wake. Aliyefungwa, miaka 15, ni askari mmoja wa chini.

Na yule mama wa migebuka.

Mwenzangu mmoja, mrakibu mstaafu, aliposikia nasema haya akanipigia simu kutoka Tabora. Dada, umekula nini? Unataka muuza samaki amhoji mkuu wa kituo? Nikamuuliza kama amesahau mahakama za mwanzo. Miaka na miaka hakimu wa mwanzo alikaa na wazee wa baraza, mkulima na fundi cherehani, na katika kuamua shauri kura ya mzee wa baraza ilihesabiwa sawa na ya hakimu. Wamefunga watu. Mimi na yeye tumewapelekea washtakiwa, tukasimama mbele yao tukasema "mheshimiwa". Hatukuuliza wana cheti gani. Akasema hiyo ni mahakama. Nikasema sawasawa, ni mahakama, ni nzito zaidi.

Hakukubali, na kuna hoja yake moja ambayo bado sijaijibu vizuri. Alisema muuza samaki anaishi mtaa mmoja na wahalifu, atatishwa, au atatumwa. Ni kweli. Jaji mstaafu ana geti. Yeye ana mlango wa bati. Sijui dawa nyingine zaidi ya kuwaweka wengi wa aina yake, wasiwe mmoja wa pambo katikati ya wakubwa, na kura zao ziwe za siri.

Lakini mjumbe asiteuliwe na DC, Mkuu wa Wilaya, wala RC, Mkuu wa Mkoa. Watu wengi hawalitazami jambo hili. Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, na OCD ni mjumbe wake. Kwa RC na RPC ni hivyohivyo. Wanakutana, wananong'ona mambo ya usalama, wanakunywa chai pamoja. Mjumbe aliyeteuliwa na hapo ameteuliwa na mwenzake polisi. Ndiyo maana nasita hata kwa viongozi wa dini, ambao kila mtu huwataja wa kwanza. Masheikh na mapadri wetu ni watu wema, lakini wameshazoea kuitwa kwenye kamati za amani, na kazi ya kamati ya amani ni kutuliza. Mama yule hakutaka kutulizwa. Nafasi zitangazwe msikitini, kanisani, sokoni na redioni, waombaji wahojiwe hadharani pale uwanjani, watu wa mtaa wao wawepo wawazomee kama ni waongo.

Na wapewe jambo moja kwa maandishi: kuingia kituo chochote saa yoyote, bila kumtaarifu OCS, na kufungua kitabu cha mahabusu na kuhesabu vichwa, pamoja na vya benchini. Bila hilo hata ukiwakalisha malaika watakuwa wanasoma taarifa za kuletewa. Nikiwa WP wa kaunta ningemwogopa mtu wa namna hiyo kuliko ukaguzi wowote wa kutoka mkoani, ambao tuliujua wiki mbili kabla na tukapaka chokaa.

Limebaki la fedha, na hapo ndipo mijadala ya Dodoma haifiki. Tume za wastaafu zinawezekana kwa sababu wastaafu tuna pensheni. Siku yetu haina bei. Ukiitisha kikao cha kujitolea, watakaokuja ni sisi, na tutarudi palepale. Nilimuuliza mama wa migebuka siku yake ya sokoni ina thamani gani. Akanifanyia hesabu kwenye boksi la kadibodi: siku mbaya elfu kumi na tano, siku za mwisho wa mwezi hata thelathini, na samaki asiyeuzwa leo kesho anauzwa nusu bei. Akaongeza kwamba kikao kikianza saa nne asubuhi asiitwe, labda kiwe saa tisa. Posho ya mjumbe wa bodi ianze kuhesabiwa kwenye boksi lile, na vikao vianze saa tisa.